Kiwi cha Macho na Uvuli wa Baraza: Lugha ya Rangi za Kuta Katikati ya Jiji la Dar es Salaam na Kariakoo

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu huenda ikawashangaza baadhi yenu. Tumezoea kusikia katika kumbi za namna hii habari za mofolojia ya kitenzi, historia ya usanifishaji au uhakiki wa tenzi. Leo nitazungumzia rangi za kuta za nje za majengo, jua linavyozipiga kuta hizo, na maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya kulieleza jambo hilo.

Sababu ya kuchagua mada hii ni ya kitaaluma, lakini pia ni ya kijamii. Mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilifanya marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Uamuzi huo umewapa wanaisimu na wafasiri kazi kubwa. Sheria na kanuni zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi zinapaswa kusomeka kwa Kiswahili, na miongoni mwake zimo zinazogusa ujenzi wa mijini. Mfasiri atakapofika mahali panapotajwa mwanga mkali unaorudi kutoka ukutani au kwenye vioo na kumsumbua mtu wa upande wa pili wa barabara, ataandika neno gani? Akiandika mng'aro, atakuwa ametaja sifa ya jengo. Akiandika kiwi, atakuwa ametaja madhara anayoyapata mtu. Tofauti hiyo si ya mapambo ya lugha, kwani inaamua nani ana haki ya kulalamika.

Lengo la mhadhara huu basi ni kuonesha mambo matatu. Kwanza, Kiswahili kina msamiati uliokomaa wa mwanga, kiwi na uvuli, ingawa sehemu ya msamiati huo imeanza kusahauliwa. Pili, msamiati huo unalingana vizuri na mambo yanayotokea kati ya jua, ukuta na jicho katika mji wa pwani ya kitropiki. Tatu, anayechagua rangi ya nje ya jengo katika mitaa iliyobanana ya Kariakoo hachagui kwa ajili yake peke yake, na lugha yetu ilikwisha kuliona hilo.

2.0 Maneno ya mwanga na kivuli

2.1 Vivumishi vitatu

Kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anafahamu kwamba rangi zenye vivumishi vinavyopokea viambishi vya upatanisho wa kisarufi ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema nyumba nyeupe, ukuta mweusi, matofali mekundu. Rangi nyingine zote tunazieleza kwa kuziegemeza kwenye kitu: kijani kwa majani, manjano kwa bizari, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda, samawati kwa mbingu, damu ya mzee kwa damu iliyoganda. Neno rangi lenyewe lilitufikia kutoka Uajemi kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi.

Brent Berlin na Paul Kay, katika kazi yao ya mwaka 1969 kuhusu majina ya msingi ya rangi, walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nadharia yao imejadiliwa sana na kurekebishwa tangu wakati huo. Kwa mada yetu jambo muhimu ni moja: mizizi miwili ya kwanza, -eupe na -eusi, katika Kiswahili haitaji rangi pekee bali inataja pia kiasi cha mwanga. Kunapokucha tunasema kweupe. Mahali pasipo na kificho ni peupe, na jambo linalofanywa mbele ya watu limefanywa peupe. Mtu mweupe na mtu mweusi katika mazungumzo ya kawaida ya Waswahili wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, maana kinacholinganishwa ni kukolea kwa rangi ya ngozi.

Mafundi rangi nao wana msamiati wao wa kupima jambo hilo hilo. Rangi huweza kukoza au kukolea, kuiva, kufifia, kupoa, kupauka na kuchuja. Zipo rangi za kuwaka na zipo rangi zilizopoa. Maneno haya hayatuambii kama rangi ni buluu au kijani. Yanatuambia inabeba mwanga kiasi gani, na hilo ndilo la kwanza kuulizwa na anayejenga mahali penye jua kali.

2.2 Mng'aro na kiwi

Tulinganishe sasa sentensi mbili: "Ukuta unang'aa" na "Ukuta unanitia kiwi." Katika sentensi ya kwanza kitenzi si elekezi. Ukuta unang'aa hata kama hakuna mtu barabarani. Tukikinyambua kitenzi hicho na kupata ng'arisha, mtendwa atakuwa ukuta wenyewe: mwenye nyumba anaung'arisha ukuta wake. Katika sentensi ya pili, kiambishi -ni- kinasimama mahali pa mtu anayepatwa. Hakuna kiwi pasipo jicho. Ndiyo maana wazee husema kiwi cha macho, na macho yameingia kiwi, kwa hali ya kushindwa kuona vizuri kwa sababu ya mwanga uliozidi.

Neno hili lina mashindano. Kiwi nyingine inayofahamika sana mijini ni dawa ya kung'arishia viatu, iliyopata jina lake kutokana na chapa ya biashara, na siku hizi lipo pia tunda. Lakini ngeli inatusaidia kutofautisha. Tunasema kiwi ya viatu lakini kiwi cha macho, na msemaji wa Kiswahili hachanganyi. Hoja kwamba neno lina utata haina uzito wa kutufanya tuliache.

Aidha, tusisahau ndugu zake. Kitu kinameta au kinametameta kinapotoa vimulimuli vidogo vidogo, kama mchanga wa pwani au bati jipya. Jua linawaka. Taa inatoa mwangaza. Kila kitenzi kina namna yake ya mwanga, na msanifu wa majengo angefaidika kuzifahamu.

2.3 Kivuli, uvuli na mwavuli

Mzizi -vuli umezaa maneno matatu yanayotuhusu. Kivuli huwa na mwenyewe: kivuli cha mwembe, kivuli cha mnara, kivuli changu. Uvuli ni hali ya mahali palipokingwa na jua. Mtu hukaa uvulini bila kulazimika kutaja kitu kinachomkinga. Mwavuli ni chombo cha kubebea kivuli. Wazungumzaji wengi wa leo hutumia kivuli kwa maana zote mbili za mwanzo, lakini kamusi zimehifadhi uvuli, na tunalihitaji. Jengo refu hutoa kivuli. Mtaa mzuri una uvuli. La kwanza hutokea lenyewe. La pili linataka mipango.

Methali zetu mbili zinafaa kukumbukwa hapa. Mchumia juani hulia kivulini ni methali ya kazi na malipo, na katika Kariakoo ni maelezo ya siku nzima ya mchuuzi. Ya pili, kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali, inatukumbusha kwamba athari ya kitu kirefu huweza kuangukia wengine kabisa, si wale walio shinani mwake. Majengo ya ghorofa kumi yanatenda kama mvumo.

3.0 Namna mji ulivyojikinga na jua

Dar es Salaam ilianzishwa na Seyyid Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Boma la Kale lililoko Barabara ya Sokoine, lililojengwa mwaka 1867, ni ushahidi wa ujenzi wa enzi hiyo: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuu za kuni, na ilitumika kujengea, kupigia lipu na kupaka. Weupe wa miji ya pwani haukuwa uamuzi wa urembo tu. Ulikuwa rangi ya malighafi iliyokuwapo.

Katika miji ya mawe kama Zanzibar na Lamu, weupe huo hautii kiwi sana kwa sababu vichochoro ni vyembamba. Jua hufika chini kwa muda mfupi, na kuta nyeupe huupitisha mwanga kidogo kidogo hadi kwenye milango ya chini. Weupe uleule ukiwekwa kwenye barabara pana una tabia nyingine. Dar es Salaam ya Wajerumani, iliyofanywa makao makuu mwaka 1891, ilikuwa mji wa barabara pana.

Baada ya Waingereza kuuteka mji mwezi Septemba 1916, eneo la magharibi mwa Mnazi Mmoja lilitumika kama kambi ya kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na jina hilo likapokelewa katika Kiswahili kuwa Kariakoo. Mtaa uliokua hapo ulikuwa wa nyumba za Kiswahili za chini: vyumba pande mbili za ukumbi, uani nyuma, na baraza mbele. Baraza ndiyo iliyokuwa kinga ya jua. Upenu wa bati au makuti uliukinga ukuta, hivyo rangi ya ukuta huo, iwe chokaa au udongo mwekundu, haikumsumbua mpita njia. Upande wa pili wa Mnazi Mmoja, Uhindini, maduka yalikuwa chini na makazi juu, na roshani zilizotokeza zilifanya kazi ya upenu.

Katika miaka ya 1950 hadi 1970, wasanifu kama Anthony Almeida walileta katika mji huu majengo ya zege yenye vizuizi vya jua, yaani mabamba ya zege ya wima au ya mlalo mbele ya madirisha. Kilele cha fikra hiyo kwa maoni yangu ni Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni mkusanyiko wa miavuli ya zege iliyofunuliwa kuelekea juu, inayokinga jua, kupitisha hewa, na kukusanya maji ya mvua kuyapeleka kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Soko hilo liliungua moto mwezi Julai 2021, na kazi ya kulikarabati ikafuata. Lugha ya jengo lile ni ya mzizi -vuli: uvuli ulitangulia, rangi ikafuata.

Kuanzia miaka ya 1990, baada ya uchumi kufunguliwa, utaratibu huo uligeuka. Nyumba za baraza katika mitaa kama Msimbazi, Swahili, Mkunguni na Congo zilianza kubomolewa na badala yake yakasimama maghorofa yanayoanzia kwenye mpaka wa kiwanja. Upenu ulitoweka, vioo vikaongezeka. Kuta nyingine zikapakwa rangi za kuwaka za matangazo ya biashara. Ukuta uliokuwa umefichwa nyuma ya baraza sasa unasimama peupe.

4.0 Jua, ukuta na jicho

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na mwezi Juni hufikia kimo cha nyuzi 60 hivi. Mwezi Desemba huwa upande wa kusini, kwa kimo cha nyuzi 73. Maana yake ni kwamba kuta za kaskazini na kusini hupigwa na jua la juu, wakati kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini, asubuhi na alasiri, mwaka mzima.

Tofauti hii ni rahisi kuipima. Upenu wa mita 1 kwenye ukuta wa kaskazini hutoa kivuli cha takriban mita 1.7 ukutani mchana wa Juni. Upenu huohuo kwenye ukuta unaotazama magharibi, saa mbili hivi kabla ya machweo, jua likiwa kimo cha nyuzi 30 na likiupiga ukuta usoni, haufuniki hata mita 0.6. Kwa hiyo upande wa magharibi upenu hautoshi, na rangi ya ukuta inapata umuhimu ambao haina upande wa kaskazini.

Ukuta uliopigwa na jua hufanya mambo mawili: humeza sehemu ya mwanga na kuugeuza joto, na huakisi sehemu nyingine. Kwa makadirio ya kawaida, chokaa mpya huakisi asilimia 80 au zaidi ya mwanga. Rangi ya maziwa iliyopoa asilimia 65 hadi 75. Zege lisilopakwa asilimia 30 hadi 40. Tofali jekundu asilimia 20 hadi 30. Na buluu iliyokoza au nyeusi chini ya asilimia 10. Hapa ndipo ulipo mgogoro wenyewe. Weupe humnufaisha mwenye nyumba, kwa kuwa ukuta hauli joto. Lakini mwanga alioukataa haupotei. Unavuka barabara.

Pamoja na kiasi, kuna namna ya kuakisi. Ukuta wa chokaa au wa rangi ya maji isiyong'aa hutawanya mwanga pande zote. Rangi ya mafuta, marumaru zilizosuguliwa, paneli za alumini na vioo huurusha mwanga upande mmoja, kama kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo kioo cheusi, ambacho si cheupe hata kidogo, kinaweza kutia kiwi kibaya kuliko chokaa, jua linapoakisiwa na kuangukia moja kwa moja machoni mwa dereva au mchuuzi.

Hatimaye kuna jicho lenyewe. Jicho hujirekebisha kulingana na mwanga ulio mbele yake. Mwanga wa jua la mchana barabarani huwa mara nyingi mno kuliko ule wa ndani ya duka lenye kina kirefu. Mwenye duka aliyekaa gizani akitazama ukuta mweupe wa upande wa pili humwona mteja mlangoni kama umbo jeusi tu, uso hauonekani. Mteja naye akiingia hukaa kidogo mpaka aone bidhaa. Wote wawili wamepata kiwi, ingawa hakuna aliyetazama jua.

Kiwi hakiwapati watu kwa usawa. Mzee mwenye mtoto wa jicho hukipata mapema, kwa kuwa mwanga hutawanyika ndani ya jicho lake. Watu wenye ualbino hukipata zaidi, kwa kuwa macho yao yana upungufu wa melanini inayosaidia kuzuia mwanga. Na Tanzania ni nchi ambayo makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400. Mchuuzi anayepanga bidhaa chini kando ya barabara hukaa mbele ya ukuta huohuo saa kumi kwa siku. Hawa ndio watu ambao neno kiwi linawapa nafasi katika sentensi.

5.0 Kuchagua rangi

Kutokana na maelezo hayo, naomba nipendekeze utaratibu wa kuchagua, nikitumia msamiati wa mafundi wenyewe. Mimi si msanifu wa majengo, lakini mantiki yake inafuata yale tuliyokwisha kuyasema.

Kwanza, uulizwe mwelekeo kabla ya rangi. Ukuta wa kaskazini au kusini wenye upenu au roshani unaweza kuwa mweupe bila madhara makubwa, kwa sababu jua la juu litakuwa limezuiwa. Ukuta wa magharibi au mashariki ulio wazi usiwe mweupe kabisa wala usikoze. Ukiwa mweupe, jua la chini litarushwa kwa jirani; ukikoza, utameza joto la alasiri na kulitoa ndani jioni. Rangi zilizopoa za katikati, kama ya mchanga, ya kunde mbichi iliyofifia au ya udongo uliopauka, ndizo zinazofaa, nazo zisiwe za kung'aa.

Pili, upimwe upana wa mtaa. Penye uchochoro kati ya maghorofa mawili, ambapo jua hufika chini kwa muda mfupi tu, weupe ni sadaka kwa walio chini, kwani huwaletea mwangaza ambao wangeukosa. Penye barabara pana kama Msimbazi au Lumumba, weupe huohuo ni karaha. Kwa hiyo hakuna rangi moja iliyo sahihi kwa Kariakoo nzima, na agizo la kupaka mji mzima rangi moja haliwezi kuwa jibu.

Tatu, sehemu ya chini ya roshani na dari ya baraza zipakwe rangi nyeupe. Jambo hili hupuuzwa. Dari nyeupe iliyo uvulini haipigwi na jua, kwa hiyo haitii kiwi. Badala yake hupunguza pengo kati ya mwanga wa nje na giza la duka, na jicho hupata daraja la kuvukia. Sakafu ya baraza, kinyume chake, ikolee. Saruji nyekundu au ya kijani iliyokuwa ikisuguliwa katika baraza za zamani ilizuia mwanga wa chini usipande machoni mwa waliokaa.

Nne, paa ndilo lingefaa kuwa jeupe kuliko ukuta, kwa sababu ndilo linalopokea jua la utosini. Lakini katika Kariakoo ya leo kila paa la chini linatazamwa na madirisha ya ghorofa jirani, na bati jipya linalometa huweza kuwa kero ya mwaka mzima. Paa jeupe lisilong'aa ni bora kuliko bati tupu.

Tano, ikumbukwe kwamba ukuta uliopakwa rangi ya kuwaka hurusha pia rangi yake. Katika maduka ya kanga na vitenge ya Mtaa wa Uhuru, wateja hukitoa kitambaa nje ili wakione vizuri. Ikiwa mbele ya duka kuna ukuta mwekundu uliopigwa na jua, weupe wa kanga utaonekana una uwekundu. Chini ya turubai la buluu, manjano itapoa. Muuza nguo anategemea mwanga ulio safi kama anavyotegemea mizani iliyo sawa.

Sita, rangi ichaguliwe kwa kutazama itakavyokuwa baada ya masika mawili. Hewa ya bahari, vumbi, moshi wa magari na kuvu huufanya ukuta mweupe upate michirizi myeusi, na mwenye nyumba hushawishika kupaka rangi ya mafuta ili aweze kuuosha. Hapo huwa ametoka kwenye weupe unaotawanya na kuingia kwenye mng'aro unaorusha. Rangi ya katikati iliyokubali kupauka kidogo haimlazimishi kufanya hivyo.

6.0 Istilahi na haki ya jirani

Turudi kwenye lugha. Katika madarasa ya uhandisi na usanifu majengo mambo haya hufundishwa kwa Kiingereza. Fundi anayepanda jukwaa la miti huyafahamu kwa Kiswahili. Kati yao kuna mwenye nyumba anayeoneshwa kikaratasi cha sampuli za rangi chenye urefu wa kidole, ndani ya duka lenye taa, na kutakiwa achague. Hakuna anayemuuliza ukuta unatazama wapi, wala nani anakaa mbele yake.

Napendekeza kwamba istilahi nne zipewe nafasi rasmi. Kiwi liwe jina la madhara ya mwanga uliozidi kwa anayetazama. Mng'aro libaki kuwa sifa ya uso wa kitu. Uakisi, kutokana na kitenzi akisi ambacho tayari kimo katika lugha, liwe kipimo cha mwanga unaorudishwa. Uvuli liwe hali ya mahali, ili mpango wa mtaa uweze kudai uvuli bila kutaja kama utatokana na mti, upenu au jengo. Maneno matatu kati ya haya yana umri mrefu katika lugha. La nne limeundwa kwa kanuni ya kawaida ya unominishaji.

Hatutakuwa wa kwanza kudai neno sahihi kwa ajili ya haki. Neno kero, kama kiwi, linamtaka mtu anayekerwa. Kifungu kinachosema "jengo lisiwe na mng'aro" kinaweza kubishaniwa bila mwisho, maana kila kitu kilichopakwa vizuri kinang'aa. Kifungu kinachosema "jengo lisiwatie kiwi watumiaji wa barabara na wakazi wa majengo jirani" kinampa mkaguzi swali linalojibika: aende, asimame mahali anapokaa mlalamikaji, saa ileile anayolalamikia, atazame.

Ipo hoja ya kinyume, nayo ina uzito. Mwenye kiwanja cha Kariakoo amekinunua ghali, na rangi ni tangazo la biashara yake. Kumwekea masharti ya rangi ni kumwingilia. Jibu langu ni kwamba hakuna anayemnyang'anya buluu au wekundu wake. Anayopimiwa ni kiasi cha mwanga anachokirusha nje ya mpaka wake, kama anavyopimiwa maji machafu na kelele. Rangi ni yake. Kiwi ni cha wengine.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba vivumishi vyetu vya kale vya rangi vinapima mwanga kabla ya kupima rangi. Kwamba mng'aro ni wa kitu na kiwi ni cha mtu. Na kwamba kivuli hutokea, lakini uvuli hupangwa. Tofauti hizi hazikubuniwa na kamati. Zilitokana na watu walioishi pwani, wakajenga kwa chokaa, wakakaa barazani na kufanya biashara juani.

Kwa wanafunzi walio hapa, nina ombi. Msamiati wa mafundi rangi, mafundi lipu na wauza vifaa vya ujenzi wa Kariakoo na Gerezani haujakusanywa inavyostahili. Maneno kama kukoza, kupoa, kuiva na kupauka wanayatumia kila siku kwa maana za kiufundi ambazo kamusi zetu hazijazieleza kikamilifu. Nendeni mkawasikilize wakiwa kazini, mkaandike sentensi nzima pamoja na neno, mkaulize ukuta uliokuwa ukizungumzwa ulikuwa unatazama wapi. Nyumba za baraza zilizobaki ni chache, na kila moja inapobomolewa, baadhi ya maneno hukosa kitu cha kuyashikilia. Istilahi zitakazoingia katika kanuni zilizofasiriwa zitadumu kwa miaka mingi. Ni vyema zitokane na watu wanaojua jua la magharibi linavyoingia dukani saa kumi alasiri.